Nina shilingi 300,000 na chumba kimoja Chumbageni: nitapataje sauti safi?

Mwalimu wa Chumbageni ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, natumai mu wazima. Naomba ushauri katika jambo ambalo wengine wataliona la anasa, lakini kwangu ndiyo burudani ninayoitegemea nikishatoka kazini. Mimi ni mpenzi wa taarab ya zamani na muziki wa dansi, hususan wa miaka ya 1960 na 1970, wakati mji wetu wa Tanga ulipokuwa na Black Star na Lucky Star kwa upande wa taarab, na Jamhuri Jazz na Atomic Jazz kwa upande wa dansi. Nyimbo ninazo kwenye simu na kwenye kompyuta ya mkononi. Nyingine nimepewa na jamaa, nyingine nazihamisha mwenyewe kutoka kwenye kanda alizoziacha marehemu baba. Hadi leo nazisikiliza kwa kispika kidogo cha Bluetooth. Mwimbaji namsikia vizuri, ila fidla na akodiani vinageuka kitu kimoja, na gitaa la besi silisikii bali nalikisia.

Nimetenga shilingi 300,000 na sitarajii kuziongeza mwaka huu. Katika duka moja hapa mjini nimeonyeshwa redio ya sabufa yenye spika mbili ndogo na taa zinazomulika, imebandikwa karatasi inayosema wati 8,000 PMPO, na bei yake imo ndani ya bajeti yangu. Muuzaji alipoiwasha, duka lilitikisika. Kwa upande mwingine, jirani yangu ana amplifaya ya zamani kutoka Japani ambayo yuko tayari kuniachia kwa bei ya kutupa, ila haina spika.

Chumba nimepanga. Kina mita 3 kwa 3.6, kuta za saruji, sakafu ya vigae, na dari ya jipsamu chini ya bati. Mwenye nyumba analala upande wa pili wa ukuta, kwa hiyo sitafuti kelele; natafuta kusikia kila chombo mahali pake. Je, ninunue sabufa hiyo, au nitafute vifaa vilivyotumika, na kama ni hivyo, fedha nyingi ziende kwenye kitu gani?

Fundi wa Barabara ya 12 amejibu:

Mwalimu, salaam. Nakushukuru kwa kueleza chumba chako, maana watu wengi huuliza spika gani ni nzuri bila kusema itakaa wapi. Mimi natengeneza redio hapa Ngamiani, na naomba nianze na ile karatasi ya wati 8,000, kwa sababu ndiyo inayowala watu fedha zao.

Soketi ya kawaida ya ukutani imepangiwa ampia 13, na umeme wetu ni wa volti 230. Ukizidisha unapata wati zisizofika 3,000, na huo ndio ukomo wa chochote kinachochomekwa hapo, iwe pasi, iwe birika, iwe redio. Mwombe muuzaji aigeuze sabufa hiyo, usome kibati cha nyuma, na sitashangaa ukikuta kimeandikwa kwamba inatumia wati 40 au 60. Chombo kinachokula wati 60 hakiwezi kutema 8,000. Herufi PMPO hazina kanuni moja inayokubaliwa ya kuzipima, na kila mtengenezaji hujiandikia tarakimu inayompendeza. Wewe ulizia wati za RMS, yaani nguvu ambayo amplifaya inaweza kuitoa mfululizo bila kukwaruza sauti.

Wati ngapi zinakutosha? Spika ya kawaida ya nyumbani ikipewa wati 1 tu hutoa sauti ya desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 86 hadi 88 kwa umbali wa mita 1, na kwa kiwango hicho mwenye nyumba wako atakuwa ameshagonga ukuta. Ukitaka kuongeza desibeli 3, lazima nguvu iwe maradufu. Ukitaka sikio lihisi kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji takribani desibeli 10, ambazo ni nguvu mara 10. Ndiyo maana tofauti kati ya amplifaya ya wati 20 na ya wati 40, ambayo dukani huongeza bei sana, masikioni ni ndogo mno. Kwa chumba chako, wati 20 za kweli kila upande zinazidi haja.

Kwa hiyo fedha yako iende kwenye spika. Tafuta jozi ya spika zilizotumika, zenye makasha ya mbao, wufa (spika ya besi) ya inchi 6 au 8 na twita yake (ile ndogo ya sauti nyembamba), omu 8, yaani kipimo cha ukinzani wake wa umeme. Usinunue kwa kutazama kasha. Vua kitambaa cha mbele utazame ule ukingo unaoiunganisha koni na fremu. Kama ni wa mpira, mara nyingi utaukuta mzima hata baada ya miaka mingi. Kama ni wa sponji, joto na unyevu wa pwani huumaliza, na ukiugusa kwa kidole unabaki unga mweusi unaonata. Kisha weka vidole vinne kuzunguka kitovu cha koni na uisukume ndani polepole, bila kuielemea upande mmoja, huku umetega sikio: ikirudi kimya, koili yake (waya uliozungushwa nyuma ya koni) iko sawa, ikikwaruza, koili imepinda au imeungua, irudishe. Baada ya hapo pima kwa mita ya umeme. Spika ya omu 8 kwa kawaida husoma omu 6 hivi, na isiposoma kitu, waya umekatika ndani. Mwisho, sikiliza kila twita kwa kulisogeza sikio karibu, kwa sababu spika yenye twita iliyokufa bado huimba, na mnunuzi hudhani ni tabia yake kuwa na sauti nzito.

Kuhusu amplifaya, kuna saketi ndogo zinazotumia chipu ya TPA3116 ya Texas Instruments, zinazouzwa zikiwa zimekwisha kuunganishwa kwenye kibao cha ukubwa wa kiganja. Hukubali umeme wa betri au chaja kuanzia volti 4.5 hadi 26, kwa hiyo chaja ya volti 19 ya kompyuta ya mkononi iliyokufa inatosha kabisa, na kwa spika za omu 8 utapata takribani wati 20 kila upande. Umeme ukikatika, betri ya sola ya volti 12 inaiendesha. Itafutie kasha lililofungika vizuri lenye matundu madogo. Nasema hivyo kwa sababu nusu ya amplifaya ninazoletewa zimeuawa na mjusi kafiri aliyeingia kutafuta joto.

Ile ya Kijapani ya jirani yako, kabla ya kuigusa, soma kibati. Vifaa vilivyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani hutumia volti 100. Ukivichomeka kwenye volti 230 hutasikia hata wimbo mmoja.

Mchanganya Sauti, Bagamoyo amejibu:

Nawasalimu kutoka Bagamoyo. Kazi yangu ni kusimamia mitambo ya sauti kwenye maonyesho ya jukwaani, na sina la kupinga katika maelezo ya Fundi, ila naona amelipita jambo ambalo kwa Mwalimu halitagharimu chochote, nalo ni chumba chenyewe.

Kwanza niunge mkono hoja ya spika kwa ushahidi. Floyd Toole, aliyeanza utafiti wake katika Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, na Sean Olive, aliyefanya naye kazi katika kampuni ya Harman, walitumia miaka mingi kuwakalisha watu mbele ya pazia ili wasikilize spika bila kuziona. Mwaka 1994 walionyesha kwamba msikilizaji anayeiona spika hutoa maksi tofauti na zile anazotoa asipoiona; umbo, ukubwa na jina la kampuni huingia kwenye hukumu yake bila yeye kujua. Pazia liliposhushwa, wengi, mafundi kwa watu wa kawaida, walielekea kupenda spika za aina moja: zile ambazo sauti yake haina vilima wala mabonde katika masafa mbalimbali, yaani kuanzia besi hadi sauti nyembamba, si kwa anayekaa mbele yake tu bali hata kwa aliye pembeni. Zile taa zinazomulika, Mwalimu, zimewekwa kwa ajili ya mtu asiye na pazia.

Sasa chumba. Katika joto letu la pwani sauti husafiri takribani mita 349 kwa sekunde. Ukiigawa kwa mara mbili ya urefu wa chumba, unapata masafa ambayo chumba hicho huyakuza chenyewe: mita 3.6 zinakupa karibu hezi 48 (yaani mitetemo 48 kwa sekunde), na mita 3 zinakupa karibu hezi 58. Waya mnene kabisa wa gitaa la besi, ukipigwa bila kubanwa, hutoa hezi 41, na noti chache zinazofuata zinapita hapohapo kwenye 49 na 58. Maana yake ni kwamba katika chumba chako noti mbili za besi zitavimba na nyingine zitanywea, hata ukinunua spika ya mamilioni. Ukiongeza sabufa kwenye kona, ambako kuta mbili na sakafu huisukuma besi zaidi, utakuwa umelipa fedha ili kulikuza tatizo.

Dawa ya kwanza ni mpangilio. Weka spika kwenye ukuta mfupi wa mita 3, zikiachana mita 1.8, na kila moja ikae sentimita 60 kutoka ukuta wa nyuma yake. Kiti kiwe umbali uleule wa mita 1.8 kutoka kila spika, ili wewe na spika mbili mfanye pembetatu yenye pande sawa. Ukipima, kichwa chako kitakuwa mita 2.1 au 2.2 kutoka ukuta wa mbele, ambapo umeipita katikati ya chumba bila kuufikia ukuta wa nyuma. Katikati kabisa, ile besi ya hezi 48 hutoweka. Ukiegemea ukuta wa nyuma, hukufunika. Twita ziwe usawa wa masikio, na kwa hilo matofali mawili matatu chini ya kila spika hufanya kazi ileile ya stendi za dukani.

Dawa ya pili ni kupunguza mwangwi wa saruji na vigae. Kaa kwenye kiti chako, umwombe mtu apitishe kioo polepole kwenye ukuta wa pembeni; pale unapoiona spika ndani ya kioo ndipo sauti inapodunda kabla ya kukufikia. Mahali hapo panahitaji kitu kinene: kabati la vitabu vilivyopangwa bila usawa, au godoro la inchi nne lililosimamishwa wakati wa kusikiliza na kurudishwa kitandani baadaye. Tandika zulia kati yako na spika. Kanga na mapazia mepesi humeza sauti nyembamba tu na kuiacha besi ilivyo, kwa hiyo ukizijaza ukuta mzima chumba kitatoa sauti nzito iliyoziba. Kuhusu trei za mayai, ambazo nimezikuta hata kwenye studio za watu wanaojiita wataalamu: hazifanyi lolote la maana kwa besi, kwa sauti za juu zinafanya kidogo tu, na zikishika moto hazina mzaha.

Kwa vile una kompyuta, pakua programu ya Equalizer APO, ambayo ni ya bure kwa Windows, uitumie kupunguza zile noti mbili zinazovimba. Punguza tu. Ukijaribu kupandisha noti inayotoweka utaichosha amplifaya bila faida, kwa sababu kadiri unavyoiongeza ndivyo chumba kinavyoifuta.

Binti Pangani amejibu:

Mimi nitakwenda kinyume kidogo, nanyi kaka zangu mnisamehe. Mwalimu amesema mwenye nyumba analala nyuma ya ukuta, na amesema hatafuti kelele. Basi kwa nini hakuna aliyetaja hedifoni? Hedifoni haina habari na saruji, vigae wala kona. Kwa fedha ileile, na mara nyingi kwa nusu yake, itakupa fidla na akodiani zikiwa zimetengana kwa namna ambayo spika za bei hiyo ni nadra kuifikia, na utasikiliza saa sita za usiku bila ugomvi. Koss Porta Pro, kwa mfano, ilianza kuuzwa mwaka 1984, na hadi leo watu wanaojua wanaitaja kila bei nafuu inapozungumzwa.

Kama simu yako haina tundu la hedifoni, kile kiunganishi kidogo cha Apple cha USB-C, ambacho Marekani kimekuwa kikiuzwa kwa dola 9, kina ndani yake kigeuza sauti (kinachogeuza tarakimu za faili kuwa sauti) ambacho vipimo vya watu huru vimekionyesha kuwa kisafi kupita vifaa vya bei ya juu mara nyingi. Kasoro yake ni kwamba kwenye simu nyingi za Android hutoa sauti ya chini. Kwenye kompyuta hakina shida hiyo. Usinunue mashine kubwa zaidi ya hapo kwa ajili ya hedifoni ya kawaida.

Tahadhari moja tu: kwa kuwa hakuna jirani wa kulalamika, ni rahisi kupandisha sauti bila kujua. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 za wiki nzima, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu.

Mzee wa Korogwe amejibu:

Vijana, mmesema mengi mazuri, lakini mmeanzia katikati ya njia. Mwalimu ameandika kwamba anahamisha kanda za baba yake, na hakuna aliyemuuliza anazihamishaje. Kama kichwa cha deki ni kichafu, hakuna spika wala hedifoni itakayorudisha kilichopotea.

Chukua pamba iliyoviringishwa kwenye kijiti, uichovye kwenye spiriti safi, usugue kichwa cha deki na kigurudumu cha mpira kinachovuta utepe, mpaka pamba itoke nyeupe. Kisha weka kanda yenye fidla nyingi, na kwa bisibisi ndogo uzungushe kidogo kidogo ile skrubu iliyo ubavuni mwa kichwa, robo mzunguko kwenda na kurudi, huku ukisikiliza. Kuna mahali sauti nyembamba itafunguka ghafla, na hapo ndipo kichwa kimelingana na utepe kama ulivyorekodiwa. Kila kanda iliyorekodiwa kwenye deki tofauti inaweza kutaka marekebisho yake. Halafu hamisha kwa kiwango cha CD, yaani sampuli 44,100 kwa sekunde na biti 16. Kiwango hicho kinafikia hezi 22,050, juu ya ukomo wa sikio la binadamu, na kanda ya kaseti haina chochote cha kuwekwa juu ya hapo. Anayekushauri ujaze kompyuta kwa mafaili makubwa kuliko hayo anakuuzia nafasi tupu.

Mimi hata hivyo sikubaliani na Fundi kuhusu kile kibao cha kiganja. Amplifaya ya zamani yenye transfoma nzito ina joto la sauti ambalo hizi za chipu hazina. Pia amesahau kumwambia Mwalimu anunue waya mzuri wa spika, ule mnene unaouzwa kwa mita, kwa sababu waya mwembamba hula muziki.

Fundi wa Barabara ya 12 amejibu:

Shikamoo mzee wangu. La kanda nimelipokea kwa mikono miwili, na nakiri kwamba wateja wachache sana huniletea deki nisafishe kichwa; wengi huileta baada ya utepe kutafunwa.

Kwenye waya naomba tupige hesabu pamoja. Waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, huohuo wanaotumia mafundi umeme kwa taa, una ukinzani wa takribani omu 0.012 kwa mita. Mwalimu anahitaji mita 3 kwenda na 3 kurudi, jumla omu 0.07, ambayo mbele ya spika ya omu 8 haifiki asilimia 1. Anunue ule wa nyuzi nyingi laini ili upindike bila kukatika, aziangalie ncha zake kila baada ya miezi kadhaa kwa sababu hewa ya chumvi huzitia ukijani, na azikwangue. Waya wa bei mara 10 hautafanya zaidi ya hapo.

Kwenye transfoma nzito, mzee, ukimpa mtu amplifaya mbili nzima, ukazisawazisha ukubwa wa sauti kwa kipimo na si kwa kukisia, ukamfunika macho, mara nyingi atashindwa kuzitofautisha, mradi zote hazijasukumwa kupita uwezo wake. Inayozidi kwa sauti japo kidogo ndiyo huonekana bora. Zile za zamani nazipenda, na ninazo dukani. Lakini kapasita zake zimekauka kwa miaka, vinobu vinakwaruza, na kuzifufua kunaweza kumaliza nusu ya bajeti yake. Kama ingekuwa inafanya kazi, ni ya volti 230, na inauzwa rahisi, ningemwambia achukue bila kufikiri mara mbili.

Na Binti Pangani yuko sahihi. Hedifoni ni njia fupi. Mimi mwenyewe sipendi kusikiliza dansi ndani ya kichwa, lakini hilo ni pendeleo langu.

Mwalimu wa Chumbageni amejibu:

Shikamoo mzee wa Korogwe, na nyote nawashukuru kwa kujitoa kiasi hiki. Nimefanya mambo manne tangu jana. Nimesoma kibati cha amplifaya ya jirani, na kweli kimeandikwa volti 100. Nimerudi dukani kuigeuza ile sabufa. Kibati chake kinasema wati 50, na muuzaji alipoona naandika akaniuliza kama natoka serikalini. Nimesafisha kichwa cha deki, na pamba ilitoka ya rangi ya kahawa. Skrubu bado sijaithubutu.

La nne ndilo lenye swali. Kuna mtu Makorora anauza jozi ya spika za mbao, wufa ya inchi 8, kwa shilingi 80,000. Nimezipima kwa mita ya kuazima: omu 6 zote mbili, na twita zinalia. Koni hazikwaruzi. Ila ukingo ni wa sponji, na kwenye moja umechanika robo nzima. Je, niziache? Na ile amplifaya ya Japani, je, haiwezi kutumika kwa transfoma ya kupunguza umeme?

Fundi wa Barabara ya 12 amejibu:

Zichukue, ila mwombe akupunguzie kwa sababu ya sponji, na uhesabu kwamba sponji zote mbili zitabadilishwa, si iliyochanika peke yake. Ya pili itafuata muda si mrefu, na spika mbili zenye kingo tofauti haziimbi sawa. Ukingo mpya wa mpira huuzwa kwa vipimo, kwa hiyo kwanza tupime kipenyo cha fremu na cha koni kabla ya kuagiza. Kazi yenyewe ni ya uvumilivu: kukwangua gundi ya zamani yote mpaka ukingo wa karatasi uwe safi, kubandika upande wa koni kwanza na kuuacha ukauke, kisha kubandika upande wa fremu huku koili ikiwa imewekwa katikati kwa vipande vyembamba vya karatasi vilivyopenyezwa kuizunguka. Asiyeweka karatasi hizo ndiye anayerudi na spika inayokwaruza.

Amplifaya ya Japani inawezekana kwa transfoma ya kushusha volti 230 hadi 100, ilimradi uwezo wake uzidi wati zilizoandikwa kwenye kibati. Lakini bei ya transfoma nzuri inakaribia au kuizidi ile ya kibao cha chipu, na siku mgeni atakapoichomeka moja kwa moja ukutani utakuwa umepoteza vyote. Mwache jirani na mali yake.

Mchanganya Sauti, Bagamoyo amejibu:

Naongeza kipimo kimoja cha kufanya siku utakapounganisha, Mwalimu, kwa sababu kosa hili hupatikana hata kwa mafundi. Kabla ya kufunga waya, gusisha betri ya volti 1.5 kwenye vituo vya kila spika kwa sekunde moja, chanya kwa chekundu. Koni za wufa zote mbili zinapaswa kusogea upande mmoja, nje. Moja ikienda nje na nyingine ndani, mtu aliwahi kuifungua na kugeuza waya, na besi zao zitakuwa zinafutana.

Kisha piga wimbo wa zamani uliorekodiwa mono, yaani wenye sauti ileile kwenye spika zote mbili, na kwenye nyimbo unazozipenda hutakosa, ukae kwenye kile kiti. Mwimbaji asikike katikati, kwenye nafasi tupu kati ya spika. Akisikika ametawanyika chumbani bila mahali, badili waya za spika moja tu, usikilize tena.

Fundi wa Barabara ya 12 amejibu:

Zilete Jumamosi kabla ya adhuhuri, na hiyo deki uje nayo, skrubu nitaizungusha mimi ukiwa unaangalia. Ukipanda bajaji spika zisimame wima. Usizilaze kifudifudi, twita hizo zikibonyea hazina vipuri hapa mjini.